Swali la Ngidi na Hesabu za Askofu Colenso

Vitabu vilivyoandikwa kuyatilia shaka maandiko ya dini ni vingi, lakini vilivyoandikwa na maaskofu ni vichache. Kimoja katika hivyo vichache ni kile alichokitoa John William Colenso, Askofu wa Natal, katika mwezi wa Oktoba mwaka 1862, juu ya Vitabu Vitano vya Musa na Kitabu cha Yoshua. Sehemu nyingine sita zilifuata, na ya mwisho ilitoka mwaka 1879. Colenso hakukusudia kuivunja dini yake. Alidhani anaifanyia matengenezo. Kanisa lake likaona anabomoa msingi. Siku hizi wanaokifungua kitabu hicho ni wanafunzi wa historia, nao aghalabu hutafuta habari za kesi iliyozuka, si maneno ya kitabu chenyewe. Hapa nataka kukisoma kama kitabu: kupima namna kinavyosoma maandiko, na kuuliza kama kinalijibu swali lililokizaa. Kwa maoni yangu swali lilikuwa kubwa kuliko jibu; na jibu, pamoja na ushujaa wake wote, lilitazama kwa jicho lile lile la wale waliomhukumu mwandishi wake.

Aliyeuliza ni Mzulu, William Ngidi, msaidizi wa Colenso katika kazi ya tafsiri kwenye misheni ya Ekukhanyeni, yaani mahali penye nuru, karibu na mji wa Pietermaritzburg. Walipofika kwenye habari ya gharika katika kitabu cha Mwanzo, Ngidi alitaka kujua kama mambo yale yote yalikuwa kweli. Je, ni hakika kwamba wanyama wote, wakubwa na wadogo, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia katika safina? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama? Askofu alikuwa amesoma elimu ya miamba. Alijua kwamba katika Ufaransa, upande wa Auvergne, viko vilima vya volkano vya kale mno, vimefunikwa kwa majivu na mawe mepesi ambayo maji ya gharika ya dunia nzima yangaliyachukua yote. Akaona kuwa akijibu ndiyo, atakuwa amesema uwongo kwa jina la Mungu. Wala hakuthubutu kujibu hivyo.

Yafaa tuangalie kwamba swali hili lilizuka juu ya meza ya mfasiri. Msomaji aliyezoea maandiko katika lugha aliyoyasikia tangu utoto huyapita maneno kama mtu apitaye mlangoni pake, hayamzuii. Mfasiri hana raha hiyo. Kila mnyama ampaswa jina, na kila jina humwita mnyama mwenyewe, na njaa yake, na kelele zake. Aandikapo habari ya mifugo katika lugha ya watu wachungao ng'ombe, watu wajuao zizi moja lala majani kiasi gani kwa siku, ameandika jambo ambalo msikilizaji anao ujuzi wa kulipima. Huku kwetu pwani kazi ya namna hiyo ilikwisha kuanza mwaka 1844, Krapf alipoanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili mjini Mombasa, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji ule. Tazama basi: katika Mombasa msaidizi alikuwa mwanachuoni wa dini nyingine, mwenye habari zake mwenyewe za Nuhu, katika Natal alikuwa mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anakabidhiwa habari hizo. Huyu wa pili ndiye aliyelazimika kuuliza, maana ndiye aliyetakiwa kuamini.

Katika dibaji yake Colenso hakumtaja Ngidi kwa jina. Alimwita mwenyeji mmoja, akamsifu kwa maneno yanayomfanya nusu mtoto na nusu mtu mzima, unyenyekevu wa mmoja na akili ya mwingine. Maadui wa askofu waliichukua sifa hiyo wakaifanya kichekesho: mwalimu kaenda kuwaongoa Wazulu, nao wamemwongoa yeye. Walicheka Uingereza nzima. Kicheko hicho kilikuwa na hofu ndani yake, kwa sababu kilikiri kwamba mtu asiyejua Kiebrania wala Kigiriki ameuliza swali ambalo mabwana wa vyuo vikuu hawakuwa na jibu lake.

Colenso alikwenda kutafuta jibu, na alilitafuta kwa ala aliyoizoea. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mtu wa hisabati. Mwaka 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati huko Cambridge. Akafundisha shule ya Harrow. Akatunga vitabu vya aljebra na vya hesabu vilivyosomwa na watoto wa Kiingereza kwa miaka mingi. Basi akaichukua Torati akaifanya daftari la hesabu. Maandiko yasema wanaume wa vita waliotoka Misri walikuwa 603,550. Vema, kwa hiyo watu wote pamoja na wake, watoto na wazee hawakupungua milioni mbili. Yasema pia kwamba mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema ya kukutania. Upana wa hema ulikuwa futi 18. Wanaume hao wakisimama tisa tisa, bega kwa bega, mstari wao ungefika karibu maili 20. Wazaliwa wa kwanza wa kiume waliohesabiwa walikuwa 22,273. Ukigawanya wanaume wote kwa idadi hiyo, kila mama wa Israeli alizaa watoto wa kiume wapatao 42. Makuhani walikuwa watatu tu, Haruni na wanawe wawili. Njiwa walioletwa kuwa sadaka za uzazi, kwa hesabu ya watoto waliozaliwa, wangekuwa 264 kila siku; na kwa kuwa sheria yawaamuru makuhani wale sehemu yao mahali patakatifu, kila mmoja angepaswa kula njiwa 88 kwa siku.

Sikosi kutabasamu nisomapo hesabu ya njiwa, na sidhani kama mwandishi hakutabasamu. (Bahati imetaka kwamba kitabu cha Musa alichokisumbua sana chaitwa katika Kiswahili Hesabu.) Hoja hizi hazijajibiwa. Waliozishambulia walisema namba zimekosewa na wanakili, au neno fulani lina maana nyingine; lakini hizi zilikuwa njia za kutoroka, na kila aliyetoroka kwa mlango huo alikuwa amekwisha kukubali kwamba si kila neno lililoandikwa ni neno lisilo kosa. Wala juhudi yake haikupotea katika elimu. Abraham Kuenen wa Leiden, mmoja wa wakuu wa uchunguzi wa Agano la Kale, alikiri kwamba hesabu za askofu zilimfanya apime upya umri wa sehemu zile za Torati zilizojaa namba na sheria za makuhani, ambazo wataalamu walikuwa wakizidhania kuwa za kale kuliko zote. Kwamba Torati nzima haikutoka katika kalamu ya Musa ni jambo linalofundishwa leo katika vyuo vingi vya theolojia bila ya mtu kuinua sauti.

Hata hivyo mhakiki ana neno la kusema. Colenso aonyesha vizuri kwamba masimulizi haya si taarifa ya karani wa jeshi. Akishathibitisha hivyo, hana habari ya kutuambia ni kitu gani basi. Kwa kurasa nyingi asoma kana kwamba maneno yana kazi moja tu duniani, kazi ya kutoa habari ya jambo lililotokea, na yakishindwa kazi hiyo yamefilisika. Hivyo ndivyo walivyosoma adui zake pia. Wao walisema: yameandikwa, kwa hiyo yalitokea. Yeye akasema: hayakuweza kutokea, kwa hiyo hayana mamlaka tuliyodhani. Mizani ni moja. Kilichobadilika ni upande uliozama.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuona upungufu huu upesi. Sarufi yetu ina kiambishi cha masimulizi, -ka-, kisichojali kama asimuliaye ni mwanahistoria au ni bibi aliyekaa jikoni: mfalme akaenda, akaona, akarudi. Kitenzi hakikuambii kama mfalme huyo alipata kuishi. Huambiwa kwa njia nyingine. Akisema mmoja "Paukwa," wakajibu wengine "Pakawa," wote wamekwisha kupatana ni ukweli wa namna gani unaokuja, na mtoto atakayesimama kuuliza sungura alijifunza wapi kusema atatazamwa kwa mshangao. Kadhalika neno letu hadithi limebeba mizigo miwili. Ni ngano ya kuwalaza watoto, na ni kauli ya Mtume iliyopokewa kwa mnyororo wa wapokezi ambao wanachuoni huwachunguza mmoja mmoja, nani mkweli na nani dhaifu. Mtu mzima wa pwani hayachanganyi mambo hayo mawili, ingawa neno ni moja. Kosa la kusoma kwa herufi si la kuamini kupita kiasi tu. Ni kosa la kutotambua aina ya maneno unayoyasikia. Na mwenye kushuku aweza kulitenda sawasawa na mwenye kuamini.

Hata katika madarasa yetu ya fasihi laonekana. Mwanafunzi apewaye Nagona ya mwaka 1990 au Mzingile ya mwaka 1991, vitabu ambamo Euphrase Kezilahabi amezivunjavunja habari za kale za dini akazijenga upya kwa sura nyingine, hukimbilia kuandika orodha: huyu ni Mungu, huyu ni Yesu, pale ni Kalvari. Akiimaliza orodha hudhani amemaliza kusoma. Huo nao ni usomaji wa herufi.

Narudi kwa Colenso, kwa sababu mahali pamoja kitabu chake chapanda juu ya hesabu zote, napo hapana namba hata moja. Asimulia jinsi walivyokuwa wakitafsiri sheria za Kutoka, sura ya 21, wakafika pale pasemapo kwamba bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, na mtumwa asife papo hapo bali akaishi siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa kuwa mtumwa ni fedha yake. Msaidizi wake wa Kizulu, Mkristo na mtu wa akili, alipoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza yakinasibishwa na Mungu yule yule wa rehema aliyekuwa akihubiriwa kila siku, moyo wake wote uliyakataa. Colenso asema hataisahau hali ile. Hapa hapana swali la upana wa mlango wala idadi ya njiwa. Jambo hilo liliwezekana kabisa kutokea. Sheria kama hizo zimekuwako katika mataifa mengi. Kinachoulizwa ni kama ni haki kusema Mungu ndiye aliyeziamuru. Shaka ya Ngidi juu ya safina ilikuwa ya akili. Shaka hii ilikuwa ya dhamiri, na hakuna mwanahisabati awezaye kuijibu kwa kuonyesha kwamba namba zimekosewa.

Sisi wa pwani hatuwezi kuipita aya hiyo kama wageni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake huko Mkunazini ndipo misheni ya Vyuo Vikuu ilipojenga kanisa lake kuu. Misheni hiyo ilikuwa na udugu na Natal: askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliyekufa mwaka 1862 katika nchi za mto Shire, alikuwa kwanza msaidizi mkubwa wa Colenso. Baada ya kifo chake misheni ilihamia Unguja mwaka 1864, na Edward Steere akaanza kazi iliyozaa maandiko ya Kikristo katika Kiswahili cha Unguja. Katika wanafunzi waliokaa kwenye madawati ya Steere, na katika mikono iliyopanga herufi kwenye kiwanda chake cha chapa, walikuwamo watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Nani katika hao angalihitaji kufafanuliwa maana ya mtu kuwa fedha ya mtu?

Sasa tutazame kanisa lilifanya nini. Robert Gray, Askofu wa Cape Town na mkuu wa maaskofu wa upande ule, alifungua mashtaka ya uzushi, na kesi ikasikilizwa mwishoni mwa mwaka 1863. Colenso hakuhudhuria, hakukubali kwamba baraza lile lina mamlaka juu yake. Aliyesimama kwa niaba yake kutoa pingamizi alikuwa Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha aliyekuja Natal pamoja naye mwaka 1855, ndiye yule yule aliyelitia neno Bantu katika elimu ya lugha. Si jambo dogo kwamba mtu tunayemtaja katika kila somo la sarufi linganishi alisimama siku ile upande wa mshtakiwa. Gray aliamuru Colenso avuliwe uaskofu. Mwaka 1865 baraza la rufani la Malkia huko London lilitangua amri hiyo, kwa sababu za kisheria, si za kitheolojia: Gray hakuwa na uwezo aliojipa. Mwaka uliofuata Gray akamtenga na kanisa, na mwaka 1869 akawekwa askofu mwingine, Macrorie, hata Natal ikawa na maaskofu wawili, mmoja akiwa na kanisa kuu na mwingine akiwa na baraka za wakubwa. Mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, uliokutana Lambeth mwaka 1867, uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya fitina hii.

Mambo hayo ya mahakama hayanishughulishi sana. Linalonishughulisha ni kitu ambacho hukumu haikukigusa. Baraza la Gray lilipima kama askofu amekana mafundisho ya kanisa. Halikuuliza kama Ngidi alistahili kujibiwa. Dini ikishakuwa na ofisi, na mishahara, na mipaka ya majimbo, swali la muumini huwa jambo la nidhamu kabla halijawa jambo la ukweli. Simaanishi kwamba watu wale walikuwa wanafiki. Gray aliamini kwa moyo wote kwamba akiruhusu jiwe moja litoke ukuta wote utaanguka. Lakini aliyeujenga ukuta juu ya jiwe la njiwa 88 ni nani, kama si wao wenyewe?

Shambulio la maana zaidi, kwa upande wa uhakiki, halikutoka kanisani bali kwa mshairi. Mwanzoni mwa mwaka 1863 Matthew Arnold alichapisha makala akimlinganisha Colenso na Spinoza, yule mwanafalsafa aliyefukuzwa katika sinagogi la Amsterdam mwaka 1656, na ambaye mwaka 1670 alitoa kitabu cha Kilatini, bila ya jina lake, kuonyesha kwamba maandiko hufundisha haki na utii, wala hayafundishi elimu ya maumbile. Arnold asema kitabu kama cha Colenso lazima kifanye moja katika mambo mawili: kiwajenge wengi wasio na elimu, au kiwafahamishe wachache walio nayo. Cha askofu hakifanyi lolote katika hayo. Spinoza aliwaandikia wenye elimu kwa lugha yao, akawaacha wengi na amani yao.

Katika nusu ya hoja hii Arnold amepata. Ni kweli kwamba Spinoza hutuonyesha maandiko ni kitu gani, na Colenso hutuonyesha tu si kitu gani. Nusu ya pili siikubali. Nayo si ngeni kwetu: Ibn Rushd, aliyekufa mwaka 1198, alifundisha kwamba maana ya dhahiri ya aya ikipingana na hoja thabiti ya akili, basi aya hiyo yapaswa kufasiriwa kwa maana ya ndani, ila akaonya kwamba fasiri hizo wasiambiwe watu wa kawaida. Na Kurani yenyewe, katika sura ya Al Imran, aya ya 7, yasema kwamba ndani yake zimo aya zilizo wazi na aya zenye kufanana, na wanachuoni wamehitilafiana wapi pa kusimama katika usomaji wake. Ukisimama baada ya jina la Mungu, ni Mungu peke yake ajuaye tafsiri ya hizo za pili. Ukiendelea kidogo kabla ya kusimama, wajuao ni yeye pamoja na wale waliobobea katika elimu. Pumzi moja ya msomaji yatenga madhehebu mawili ya fikira. Uchunguzi wa namna hii ni wa juu sana kuliko kuhesabu njiwa, na yeyote adhaniye kwamba waamini wa zamani wote walisoma kama watoto hajawasoma.

Lakini Arnold na Ibn Rushd, kila mmoja katika zama zake, waliwagawanya watu kwa namna isiyomwachia Ngidi kiti. Hakuwa katika wachache, maana hakupita chuo chochote cha Arnold. Wala hakuwa na amani ya wengi, kwa sababu ameuliza. Mwenye kuuliza kama jambo ni kweli amekwisha kutoka katika kundi lile linalodhaniwa kuwa lafaa kuachwa katika usingizi wake, na kumnyima jibu kwa kisingizio cha kumlinda ni kumdharau. Hapa Colenso, pamoja na uzito wa mkono wake katika uhakiki, alimshinda mshairi. Aliona kwamba hawezi kumwambia mtu mmoja kitu na kuamini kingine.

Jibu lake bora, kwa maoni yangu, halimo katika sehemu zote saba za kitabu. Mwezi wa Januari mwaka 1879 majeshi ya Kiingereza yaliyoivamia nchi ya Wazulu yalishindwa vibaya Isandlwana. Katika waliouawa alikuwamo Kanali Durnford, rafiki wa nyumba ya askofu. Koloni nzima ilikuwa na msiba, ikapiga kelele za kisasi. Mwezi wa Machi, siku iliyowekwa kwa kufunga na kunyenyekea, Colenso alipanda mimbarani Pietermaritzburg akahubiri juu ya maneno ya nabii Mika, sura ya 6, aya ya 8, ambayo yasema Mungu anataka nini kwa mwanadamu: haki, na rehema, na unyenyekevu. Akawauliza Waingereza waliokuwa mbele yake ni wapi walipowatendea Wazulu haki, ni wapi walipowaonea huruma. Hakuuliza Mika aliishi mwaka gani, wala kama maneno yale ni ya kalamu yake. Aliyasoma kama yaliyoandikwa asubuhi ile kwa ajili ya watu wa mji ule, nao wakatoka kanisani wengi wao wamemkasirikia kuliko walivyomkasirikia kwa habari ya gharika.